Ukuta wa Kuzuia Baridi

Jumatatu, 10 Aprili
Baba mkwe katugawia kilima cha mizabibu. Nusu yangu, nusu ya mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu. Atakayevuna zabibu bora za Shadonei, zile za mvinyo mweupe, ndiye atakayekabidhiwa ghala la mapipa, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Mzee kachoka, magoti yanamsumbua.

Nikawahi: nataka chini! Tambarare, karibu na barabara. Mwanyumba, ambaye kimoyomoyo namwita Mjuaji, kachukua juu bila kunung'unika. Masikini! Atapanda kile kilima hadi ulimi umtoke nje.

Mke wangu anaitamani ile nyumba tangu alipokuwa msichana. Ina madirisha makubwa. Keshaanza kuongelea mapazia. Lazima nimpatie, potelea mbali!

Jumanne, 11 Aprili
Redio inasema Ijumaa alfajiri kutakuwa na jalidi, ile barafu nyembamba inayogandia majani. Balaa! Shadonei ina kiherehere, huchipua wakati mizabibu mingine bado imelala. Machipukizi yakiganda, kwisha habari.

Mjuaji kashuka kunipa ushauri. Eti baridi ni nzito, huteremka kilimani kama maji na kutuama chini. Eti nifyeke vichaka upande wa bondeni ipate pa kutokea. Nani kamuuliza? Baridi inatoka mtoni, na mto uko bondeni. Nimeshakanyaga maji yake, najua. Dawa ni ukuta!

Jumatano, 12 Aprili
Nimepanga makreti yote ya baba mkwe upande wa mtoni. Juu yake magunia ya majani makavu. Mianya nimeziba kwa udongo. Hayakutosha. Nikang'oa mlango wa bafu. Mke wangu kauliza ataogaje. Nikamkumbusha kwamba tuna shuka.

Hata hivyo, mstari mmoja wa mizabibu umebaki nje, upande wa mto. Basi, huo tumeuaga.

Mjuaji kapita, kashika kichwa, kasema najenga bwawa la baridi. Wivu huo! Mikono imejaa malengelenge, mgongo haunyooki, lakini sirudi nyuma ng'o.

Ijumaa, 14 Aprili
Asubuhi shamba lilikuwa jeupe pe. Kufikia adhuhuri machipukizi yamekuwa meusi, yote, ukutani hadi mpakani. Kule juu kwa Mjuaji, kijani kitupu.

Nimekaa chini nikalia, sioni haya kuandika. Mke wangu kaja kukaa kando yangu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Baba mkwe kaja kutazama. Kabla ya yote akaomba kwenda bafuni. Akarudi upesi sana. Kasema mizabibu haijafa, itachipua tena, ila mavuno ya mwaka huu nisiyahesabu. Ufunguo wa ghala kampa Mjuaji aushike hadi msimu ujao, halafu tushindane upya. Kaongeza kwa upole kwamba nibomoe kile kitu, na mlango nirudishe.

Jumapili, 16 Aprili
Nilikwenda kubomoa, kwa shingo upande. Nikaduwaa! Ule mstari uliobaki nje ya ukuta umepona. Wote! Kijani kama wa Mjuaji, hakuna hata chipukizi moja jeusi.

Sasa nani mjinga? Ukuta unafanya kazi! Uliulinda mstari uliokuwa nyuma yake. Baridi ilikuja kwa upande wa pili, basi. Kosa langu ni moja tu: nilijenga upande mmoja. Mwakani nazungushia pande zote nne, tena mrefu zaidi. Ile nyumba ya madirisha makubwa ni yetu!

Nimemkimbilia mke wangu kumpa habari njema. Kanisikiliza hadi mwisho. Kisha kaingia chumbani, kaubamiza mlango nyumba nzima ikatikisika, akajifungia kwa ufunguo.

Mlango mzuri ule. Mbao nzito, hauna hata ufa. Nimeshaupima.