Spika za Kutulia Siku Tatu

Injinia alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya kinyozi, akijifanya anakaza waya ambao haukuunganishwa na kitu chochote, aliposikia mteja juu ya kiti akijisifu. Akaacha kukaza. Kwa watu wanaojisifu, masikio yake yalikuwa makali sana.

“Mimi kwangu nina spika tano na sabufa,” mteja alikuwa akisema, povu limemjaa kidevuni. “Nikicheza gemu, adui akipiga chafya tu, jirani ananiambia afya! Zimetoka nje zile. Si hivi vidude vyenu.”

Walimwita Bosi Magodoro, kwa kuwa aliuza magodoro na alipenda kuitwa bosi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, kitambi na shamba la kuku, na kila Jumamosi alijifungia chumbani na bukta ya kulalia akipigana vita kwenye runinga na watoto wa watu. Usicheke bado.

Injinia aliinuka polepole, akajipangusa magoti. Hakuna chuo kilichowahi kumpa cheti cha uhandisi, lakini nani anabishana na mtu mwenye kalamu tatu mfukoni?

“Samahani, bosi. Sauti ya nyuma unaisikia?”

“Naisikia vizuri tu.”

“Hatua zikitoka bega la kulia kwenda la kushoto, unazisikia zikipita?”

Bosi Magodoro akageuza shingo kulia, kisha kushoto. Hata wembe wa kinyozi ulisimama.

“Basi huzisikii,” alisema Injinia, kwa sauti ya mtu aliyefika msibani. “Pole sana. Huwa wanakuua kwa nyuma, si ndiyo?”

“Ulijuaje?”

Alijuaje! Mzee wa miaka hamsini anayepigana na vijana wa miaka kumi na mitano atauawa kutoka wapi tena? Lakini Bosi alimwona Injinia ni mganga, na hapo hapo wakakubaliana. Jumamosi, mke akiwa sokoni, Injinia angekuja na spika mpya za mfumo wa kisasa na kuondoka na zile za zamani. Kubadilishana tu, zako kwa zangu. Kinyozi mwenyewe alikuwa ametoka kufanya hivyo hivyo, na spika zake mbili nzuri zilikuwa tayari ndani ya pikapu.

“Sasa niwashe?” kinyozi aliuliza. Alikuwa pande la mtu, na kiatu chake cha kulia kililia kila alipokanyaga: pa, kwii, pa, kwii.

“Thubutu! Siku tatu zitulie. Sumaku ikiwa mpya, ukiiwasha mapema inashtuka. Wewe subiri mpaka Jumamosi saa sita.”

Sumaku ikashtuka! Na mtu mzima, baba wa watoto wanne, akaitikia kwa kichwa na kubandika juu ya spika kile kikadi alichopewa: USIWASHE. ZIACHE ZITULIE SIKU TATU. Ndani ya kila spika hamkuwa na kitu isipokuwa nusu tofali la kuipa uzito.

Kwa hiyo hesabu ya Injinia ilikuwa nyepesi. Jumamosi saa sita kinyozi angewasha na kusikia tofali. Kabla ya hapo ilibidi mzigo wa Bosi uwe umeshauzwa na yeye awe ndani ya basi, la sivyo mji huu ungemla mzima mzima.

Sasa, mtu atauzaje tofali kama sauti? Hapo ndipo alipoingia Mzee Kishindo.

Mzee huyu alitengeneza sauti za michezo ya redio kwa miaka ishirini na saba. Mvua aliinyesha kwa mchele juu ya sinia. Jeshi zima alilitembeza kwa viatu viwili na beseni la kokoto. Redio ilipoacha michezo ilimpa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani, akarudi nyumbani na kikohozi. Injinia alimwokota, akamlipa mkate na ahadi. Wateja waliposikia adui akinyata nyuma yao, hiyo haikuwa spika wala sumaku, ni mzee wa watu, amejificha nyuma ya pazia na beseni lake.

“Haki yangu nitaipata lini, mwanangu?” aliuliza mara kwa mara.

“Mzee, tulia. Mbona una haraka kama unafukuzwa?”

Jumamosi ikafika. Saa nne asubuhi Bosi Magodoro alifungua geti mwenyewe, na wakati Injinia akimshika mkono na kumsifia kuku wake mmoja mmoja, Mzee Kishindo alipenya mlango wa uani akiwa na beseni kifuani. Chumba cha gemu kilikuwa kimegawanywa na pazia zito. Upande huu kochi, runinga na spika. Upande wa pili cherehani ya mke wa Bosi, aliyeshona sare za shule, na rundo la vipande vya sponji vilivyobaki dukani kwa mumewe.

Injinia alipanga maboksi yake matano na sabufa ya uongo kwa kutumia futi ya fundi seremala. Alipima kutoka sikio la Bosi mpaka ukutani, akaandika namba kiganjani, akasikitika, akapima upya. Kisha akamvalisha hedifoni. Hizo zilikuwa za kweli, kifaa pekee cha kweli alichokuwa nacho duniani, ila alikuwa amezitoboa pembeni matundu madogo ili sauti ya chumbani ipenye.

“Hayo ni matundu ya pumzi,” alieleza. “Sharti moja tu, bosi. Usigeuke. Ukigeuka, uwanja wa sauti unavunjika.”

“Sigeuki.”

“Hata iweje.”

“Nimesema sigeuki, bwana! Washa!”

Runinga ikawashwa, vita vikaanza. Mara, nyuma ya bega la kulia, kokoto zikalia. Kwacha, kwacha, kwacha. Zikavuka taratibu mpaka bega la kushoto. Bosi akatoa macho, akamgeuza askari wake ghafla na kufyatua, na kwa mara ya kwanza tangu anunue ile gemu akamwangusha mtu aliyekuja kwa nyuma.

“Nimemsikia! Mama yangu! Nimemsikia hadi soli ya kiatu!”

Nyuma ya pazia mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha kifua kibovu.

“Mbona anakohoa?”

“Adui wa kisasa, bosi,” alisema Injinia, jasho likimtoka. “Wamemwekea hadi kifua.”

“Ajabu!”

Kisha ikasikika sauti ambayo haikuwa kwenye mpango. Mlango ulifunguliwa polepole. Mkasi ukalia, kacha. Halafu mwanamke akacheka, kicheko kilichobanwa kwa kiganja. Injinia alistaajabu. Huyu mzee siku hizi anajua na kucheka kike?

“Na huyo mwanamke je?”

“Mpelelezi wao. Usimpige, ni mapema.”

Bosi Magodoro hakutaka kusikia zaidi. Alitupa pedi kwenye kochi na kukimbilia stoo ya juu kutafuta maboksi ya spika zake za zamani, asije fundi akabadili mawazo. Hebu fikiria, mtu anakimbia kwenda kutafuta boksi la kuibiwa vizuri! Injinia alibaki peke yake, akalipa pazia mgongo, akampigia simu mama mmoja muuza vyombo vya umeme vilivyotumika.

“Mama, saa sita kasoro niko kwako. Mzigo wa haja. Nikishapata changu napanda basi.” Akasikiliza. “Nani, yule mzee? Namshusha duka la dawa akanunue ya kikohozi, akigeuka gari halipo. Atanifanya nini? Atanikoholea?”

Akacheka sana. Miezi minane alikuwa amewauzia watu masikio ya yule mzee, na leo akasahau kwamba masikio hayo yako hatua mbili nyuma yake, nyuma ya kitambaa. Akili za namna hiyo ndizo zinazojiita ujanja.

Bosi aliporudi, Injinia alimkalisha kochini, akabandika juu ya boksi kikadi kama kile cha kinyozi, akampa agizo la mwisho: atazame mbele nusu saa, asigeuke, ili sumaku zimzoee, kisha asiziwashe siku tatu. Bosi akakaa wima, mikono magotini. Mzee Kishindo akaingia kwa mlango wa mbele, sasa akiwa kibarua wa kubeba mizigo.

“Funga kila kitu, mzee, na hedifoni zangu weka juu,” Injinia alimwamuru, kisha akatoka kwenda kukaa kwenye usukani. Injinia habebi. Na kwenye kazi hageuki nyuma, alikuwa na msimamo huo, kwamba anayegeukageuka ndiye mwizi. Kioo cha pembeni kilishavunjika na nyuma ya pikapu palifunikwa turubai, kwa hiyo alisikiliza tu.

Alisikia hatua nzito zikishuka ngazi. Alisikia mzee akiguna, “Ee Mola, mgongo wangu!” Alisikia spika ya kwanza ikitua kwenye bodi ya pikapu, du! Na ya pili, du! Zikafuata mpaka ya tano, kisha sabufa, nzito kuliko zote, ikaburutwa, ikakwaruza, ikaanguka kwa kishindo kilichomfurahisha moyo. Gari lenyewe halikubonyea hata kidogo. Mtu mwingine angeliona hilo. Yeye alikuwa akitazama saa.

Mlango wa bodi ukafungwa. Turubai likapigwa makofi mawili, maana yake twende.

Njia nzima alizungumza na nyuma. “Mzee, umenuna? Si nimekwambia chako kipo?” Dakika ishirini nzima hakusikia kikohozi hata kimoja, akafurahi kwamba mzee kapata nafuu. Alisimama mbele ya duka la dawa, akagonga bati la nyuma kwa ngumi. “Shuka haraka ununue ya kifua, nakusubiri!” Akahesabu mpaka ishirini, akakanyaga mafuta na kutimua vumbi, akicheka peke yake njia nzima. Ndivyo Injinia alivyomtelekeza barabarani mtu ambaye hakuwemo garini.

Mama muuza vyombo, miwani juu ya paji la uso, alizinunua zile za kinyozi bila maneno. Kisha akainua boksi kubwa la sabufa kwa kidole kimoja.

“Injinia, hii sabufa imefunga?”

Walipasua maboksi yote sita. Sponji. Sponji tupu, vipande vya kila rangi, vimepangwa kwa ustadi wa mtu anayejua kushona. Hedifoni hakuna. Chini kabisa ya boksi la mwisho kulikuwa na kikadi chenye mwandiko wa Injinia mwenyewe: USIWASHE. ZIACHE ZITULIE SIKU TATU.

Akampigia simu mzee. Mzee akapokea, na nyuma yake palikuwa na stendi nzima. Honi zilipigwa, injini zikanguruma, wapiga debe wakaitana.

“Uko wapi, we mzee mshenzi?”

“Stendi, mwanangu! Dirisha namba nne! Basi linajaza, mzigo nimeshaupakia!”

Injinia hakuaga. Ilikuwa saa sita na dakika tano, na mwenye akili timamu angepanda basi lolote, aende popote, na zile hela chache alizolipwa. Lakini kuibiwa kuliuma! Alikuwa ameuibia mji mzima bila kujua kwamba jambo hilo lina maumivu. Aliruka mageti, akasukuma watu na mabegi yao, akafika dirisha namba nne akihema.

Palikuwa na bibi mmoja amekalia sanduku lake, na hakuna mwingine.

“Nimefika namba nne! Uko wapi?”

“Nipo hapo hapo,” alisema mzee kwenye simu. “Jikinge, mvua inakuja.”

Na kweli, kwenye simu mvua ikaanza, matone machache kwanza, kisha ikamwagika. Injinia akatazama juu. Jua lilikuwa linapasua kichwa, mbingu haina hata kijiwingu. 

“Mchele,” alisema.

“Mchele, mwanangu. Juu ya sinia la mke wa Bosi.” Kijiko kikagonga kikombe, na kile kicheko cha mwanamke kikasikika tena, sasa hakijabanwa. “Anasema alinisikiliza tangu msichana, kila Jumapili. Aliponikuta kwenye kigoda chake alizijua kokoto zangu kabla hajaijua sura. Spika za mumewe zimehamia sebuleni, na mimi nimepewa kiti. Hedifoni zako zimenikaa vizuri.”

“Na yule bwege wake?”

“Bado yuko mbele ya yale maboksi. Amekataa kungoja siku tatu. Anasema anasikia tayari.”

Injinia akafumba macho. Nyuma yake, kwenye sakafu ya saruji, hatua zikaanza kuja. Pa, kwii. Pa, kwii. Zikatoka bega la kulia, zikavuka taratibu kuelekea la kushoto.

“Acha, mzee!” alifoka. “Nimechoka na hatua zako! Hata kiatu umekiweka!”

“Hatua gani?” aliuliza mzee. “Mimi nakunywa chai.”

Mkono mpana wenye harufu ya poda ya kunyolea ukamshika ukosi.

“Nimepigiwa simu kwamba utakuwa dirisha namba nne,” alisema kinyozi. “Saa sita imefika, Injinia. Nimeziwasha. Zimetulia kabisa.”