Jicho Moja Lililofumbwa Kazini

Ndugu Meneja,

Pokea heshima zangu kutoka meza ya kukatia vitambaa, ambako nimesimama tangu wewe hujajua kufunga vifungo vya shati. Naandika kuhusu kamera uliyotufungia darini, ile inayopima nani yuko macho na nani amesinzia. Imemletea Mama Pacha, fundi wa cherehani ya dirishani, onyo la mwisho. Ikimwandika tena, hana kazi. Kwa kuwa wewe ni msomi na huenda hukuelezwa, naomba nikueleze.

1. Anayetia uzi kwenye sindano hufumba jicho moja. Hata aliyekushonea suti ya harusi alilifumba. Kamera huandika: nusu usingizi. Mama Pacha hutia uzi kutwa, basi nusu zake zimejumlishwa zikawa usingizi wa pono.

2. Tulijaribu kutia uzi macho yote yakiwa wazi, tukajichoma vidole. Kamera ikaona nyuso zimekunjamana, ikaandika: hasira dhidi ya uongozi. Siku hizi tunajichoma huku tunatabasamu.

3. Uchovu wetu hauonekani kwa jicho la kioo. Tunatoka hapa tumesahau hata namna ya kulala. Juzi Mama Pacha alisinzia kwenye kochi lake mwenyewe, akashtuka, akawaomba radhi wanawe.

4. Wiki iliyopita aliyeongoza kwa umakini ni sanamu la kuvalishia nguo. Halipepesi, halinuni, haliendi msalani. Kamera imeliita Mfanyakazi Mgeni na kulitunukia alama zote. Kipimo ni chako, mshindi ni wako. Basi naomba lipandishwe cheo liwe meneja. Na kwa kuwa karakana haihitaji vichwa viwili visivyoshona, wewe upewe likizo ndefu.

Kwa kifupi, kamera ing'olewe, Mama Pacha aachiwe jicho lake.

Wasalimie wote wa ghorofa ya juu, walioamka na ambao bado.

Wako katika kupima kabla ya kukata,
Babu Mkasi

Tanbihi: Natia sahihi, naletewa habari kuwa kamera imenitangaza mchapakazi bora wa wiki hii. Nimeshinda mbele yake nikiandika barua hii, macho yamenitoka, mkono hautulii, na kitambaa hata kimoja sijakikata. Kumbe ina akili zake, tafadhali isiguswe. Onyo la Mama Pacha lifutwe kwa heshima ya mshindi. Zawadi, naambiwa, ni siku nzima ya mapumziko. Mpe yeye, akafumbe yote mawili. Mimi nitabaki hapa. Wiki ijayo nina barua nyingine ya kuandika.