Kitabu cha Majedwali na Ukurasa Ambao Sikuwahi Kuufungua

Saa nne na dakika saba asubuhi ya leo ndipo nilipoanza kuumbuka. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kutazama saa ya ukutani ili nigawe muda: maswali kumi, dakika tisini, tisa kwa kila swali. (Ndiyo, mimi ni mtu wa namna hiyo.)

Kwa wageni humu kundini: nina miaka arobaini na sita. Natengeneza boila, mitambo ya kupasha maji ya maghorofa, huku mashariki mwa Toronto, na hesabu nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya maktaba. Mwezi wa tisa nikaanza uhandisi katika chuo cha kati. Mpango ni miaka miwili pale, ada nafuu, kisha nihamie chuo kikuu kumalizia digrii. Kuhama kunataka alama nzuri na faili safi. Doa moja tu la kuibia mtihani, hakuna chuo kikuu kitakachonipokea. Nazeeka na boila zangu.

Leo lilikuwa jaribio la kwanza la hesabu. Kanuni ziliruhusu kikokotoo rahisi, kisicho na kumbukumbu. Duka la chuo wanakiuza dola kumi na tisa. Nikajiuliza, dola kumi na tisa za nini, wakati ninacho kitabu changu cha majedwali tangu sekondari kule Morogoro? Kile chembamba, kilichojaa logarithimu na kosaini za tarakimu nne nne. Hakina betri. Hakina kumbukumbu hata chembe. Nilisoma kanuni mara tatu na sikuona mahali palipokataza.

Swali la kwanza nikalimaliza kwa dakika saba. Nikafungua ukurasa wa kosaini kwa ajili ya la pili. Msimamizi, binti wa umri wa mwanangu Neema, akaja kusimama pembeni yangu.

"Hicho nini?"

"Majedwali ya logarithimu."

"Ya nini?"

Nikamweleza kwa upole kwamba watu walijenga madaraja kabla ya vikokotoo kuzaliwa. (Upole ule haukunisaidia. Nusu ya darasa iligeuka.) Akakichukua, akafunua. Nambari, nambari, nambari. Halafu akafika pembezoni mwa kosaini, palipoandikwa kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi, na si Kiingereza.

"Na haya?"

Nikayatazama. Jamani! Miaka karibu thelathini natumia kitabu kile, na macho yangu yalishazoea kuruka maandishi yale kama unavyoruka ufa wa ukuta wa nyumbani. Sasa niliyasoma upya.

"Mambo binafsi," nikasema.

"Ni kanuni za hesabu?"

"Hapana!"

"Basi nitafsirie."

"Siwezi."

Nadhani hata mimi ningejishuku.

Saa nne na robo mimi na yule msimamizi, aliyemwachia mwenzake darasa, tulikuwa ofisini kwa mkuu wa idara, mama mmoja mtulivu mwenye miwani mnyororoni. Mbele yake kitabu changu na fomu ya udanganyifu, jina langu limeshajazwa. Akaniambia nisipoweza kuonyesha maandishi yale ni nini, atatia sahihi.

"Nitayatafsiri mwenyewe," nikasema haraka.

"Hapana. Atafsiri mtu mwingine. Kuna mama wa uhasibu anatoka Kenya."

Mungu wangu, nikaomba kimoyomoyo, Kenya ni kubwa, asiwe Wairimu. Wairimu anaimba kwaya moja na mke wangu Esta. Bega kwa bega, sauti ya pili.

Mlango ukafunguka.

"Baba Neema! Kumbe ni wewe? Umefanya nini?"

"Shemeji," nikanong'ona kwa Kiswahili, "nakuomba, soma kimya kimya."

"Amesema nini?" mkuu akauliza.

"Amesema nisome kimya kimya," Wairimu akamjibu kwa Kiingereza safi. (Asante sana, shemeji.)

Akavaa miwani. Akasoma mstari mmoja kwa sauti, akautafsiri, akaja wa pili, kama anasoma matangazo ya kanisani.

"'Sabina, nimekutafuta humu ndani, sijakupata. Umezidi tarakimu nne.'"

Akasogeza kidole mstari wa chini.

"'Nimemwomba mama hela ya mafuta ya nywele. Ukubali au ukatae, nijibu humu humu.'"

"Sabina ni nani?" mkuu akauliza. Nilitazama fomu ile. Nikaitazama kalamu yake. Chuo kikuu au heshima, chagua kimoja.

"Tulisoma naye kidato cha nne," nikasema. "Nilimwazima kitabu Ijumaa, akakirudisha Jumatatu. Hakujibu. Nilisubiri muhula mzima."

Ungedhani pale wangenihurumia. Mkuu akaendelea kufunua, kwa haki kabisa, maana ilibidi akague kurasa zote. Akafika mwishoni, kwenye vipeuo vya pili.

"Hapa kuna mwandiko mwingine."

Mwandiko mwingine? Wapenzi wasomaji, vipeuo vya pili mimi huvikokotoa kichwani. Najivunia hilo. Ukurasa ule sikuwahi kuufungua hata siku moja.

Wairimu akakisogeza kitabu karibu na dirisha.

"'Nimekubali,'" akasoma. "'Jumamosi baada ya misa, nyuma ya maktaba. Lakini uoge kwanza.' Ngai!"

Mkuu alipotafsiriwa aliinamisha uso mezani. Mabega yakawa yanatikisika. Wairimu alikuwa ameshika kabati. Yule binti msimamizi, ambaye hadi hapo alikuwa na uso wa hakimu, alitoka nje akiziba mdomo, na kicheko chake nilikisikia hadi mwisho wa korido.

Fomu ilichanwa mbele yangu. Nikarudishiwa dakika zangu zote, kwa sharti moja: nishuke dukani nikanunue kikokotoo. Nimemaliza maswali yote kumi na faili langu ni jeupe.

"Shemeji," nilimwambia Wairimu mlangoni, "haya yaishie hapa."

"Ya ofisi ni siri, Baba Neema. Mimi siwezi kusema kitu."

Nilitoka chumba cha mtihani saa sita kasoro. Sikuwa hata nimefika kituo cha treni, simu ikaita. Esta. Hakunisalimu.

"Baba Neema, umeoga?"

Akakata.

Jioni hii nimempeleka kula samaki pale anapopapenda, dola sabini na nne, na mezani ameniuliza swali lile mara tatu zaidi. Anayetaka kucheka acheke huko huko alipo, asiniandikie. Nimejumlisha na bei ya kikokotoo, kwa kutumia kikokotoo chenyewe: hasara ya leo ni dola tisini na tatu.