Mashine Yenu Inaniponyesha Upesi Mno

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Tiba ya Viungo,

Mheshimiwa Daktari,

Salamu zikutangulie, nawe uzisome ukiwa umeketi. Mimi ni yule seremala aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akipigilia dari ya karakana yake, mkampasua goti, kisha mkamwazima magongo ya kutembelea na mashine ndogo ya umeme ya kuamsha misuli ya paja iliyolala. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamika kwamba mashine hiyo inafanya kazi.

1. Imelifundisha paja langu utovu wa adabu. Mwanzoni nililiamuru likaze, nikalibembeleza, nikalikaripia, likanyamaza kimya. Kaka yangu akibonyeza kitufe, linaruka kama askari aliyeitwa na mkubwa wake. Sisi tuliolilea paja hilo tangu utotoni tujisikieje?

2. Kitufe chenyewe mlimkabidhi kaka. Kanuni yenu ni kwamba mgonjwa aje na ndugu, afundishwe kubandika vile vibandiko vya umeme nyumbani. Hamkuuliza kama tunasemezana. Kaka na mimi tulirithi karakana moja kwa baba, tukagombana kuhusu nani anoe randa na nani aitumie tu, tukaigawa kwa ukuta wa plaiwudi. Tangu hapo salamu yetu ilikuwa kikohozi. Siku nilipoanguka alisikia kishindo, akaja mbio, akanibeba mgongoni. Sasa kila jioni anafika na penseli sikioni, analipima paja langu kwa futi na kutia alama mahali pa vibandiko, kana kwamba mimi ni mlango. Na mkono wake ni mzito. Kuna jioni alipandisha umeme mpaka mguu ukanyooka wenyewe ukapiga teke birika la chai, naye akacheka hadi machozi. Nami nilicheka, jambo ambalo sikulipanga.

3. Umeme huo umetuletea mazungumzo. Tulianza na yale ya lazima: ongeza, punguza, hapo hapo. Kisha yakaja ya mbao, ya watoto, na ya marehemu baba alivyokuwa akiimba vibaya huku akipiga msasa. Tiba yenyewe ni fupi, lakini kaka haondoki mpaka mke wangu aanze kufagia miguuni pake.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Mtaalamu wenu amenipima, akafurahi, akasema karibuni mashine itarudi kwenu. Ikirudi, kaka atakuja kufanya nini? Mwenye mguu mbovu huletewa ndugu; mwenye miguu mizima huambiwa hajambo, akaachwa na ukuta wake. Siwezi kumwambia mkubwa wangu aje kukaa nami bure bure, mdomo hautafunguka. Ninaogopa, Daktari. Nimejaribu kila njia halali: nimedai sihisi kitu, nimeficha waya chini ya godoro, nimechechemea kwa mguu usiohusika. Wapi!

Kwa hiyo naomba mashine ipunguzwe nguvu. Ikishindikana, nipatiwe ugonjwa mwingine mdogo usiouma, ikiwezekana wa kiwiko. Hilo nalo likishindikana, niandikiwe cheti chenye mhuri kwamba paja hili, kwa mujibu wa sayansi, halitakaza maishani bila kaka kuwa karibu. Mkikataa yote, basi fikirieni dunia mnayoitengeneza: watu wote wazima, na hakuna anayebisha hodi kwa mwenzake.

Nisalimie wauguzi, mpokezi wa dirishani, na yule mzee wa bega tuliyekuwa tukipokezana naye kitanda. Mke wangu naye anawasalimu, ingawa hajui ninachoandika.

Ndimi, kwa unyenyekevu na kwa goti linalokunjika vizuri mno,

Seremala wa upande wa kushoto

Tanbihi: Barua hii ichaneni. Badala yake naomba mumuulize mtaalamu kama mashine inafaa pia kwa kiuno. Ikifaa, muiache kwetu, na safari hii kitufe nitakishika mimi. Jana kaka hakuja. Nilisubiri, nikanuna, mwishowe nikavaa shati nikaenda kwake kumgombeza. Kumbe alikuwa amelala, kiuno kimemkamata kwa kuinua mbao peke yake. Shemeji ndiye aliyenifungulia mlango, akaniuliza magongo nimeyaacha wapi. Nilimpita pale pale mlangoni. Nilikuwa na haraka ya kumwona kaka yangu.