Miaka Kumi ya Préfet

Jumapili, 12 Oktoba

Habari kubwa! Chumba cha mbele kiko wazi. Fundi cherehani amehamia Bunia na mke wake na mashine zake zote.

Chumba hicho kina mlango unaotazama barabara. Kina dirisha la vioo. Kina jua la asubuhi. Changu mimi kiko nyuma ya uwanja, kati ya jiko la makaa na choo, na harufu yake hutegemea upepo. Hakuna mteja wa maana atakayekubali kupita chooni ili afike kwenye Ofisi ya Télesphore, Mashauri na Miradi. Ndiyo maana ofisi haijapata mteja. Sababu nyingine sizioni.

Tatizo: tuko wapangaji wawili tunaokitaka. Mimi, mwenye diploma ya sekondari. Na Néhémie, fundi wa simu, ambaye hana mpango wowote maishani ila kutengeneza simu.

Baada ya misa, Mama Générose mwenye nyumba alitangaza kwamba atataja jina Jumamosi, kwenye sikukuu ya Préfet. Préfet, yaani mkuu wa shule, ni mbwa wake. Marehemu Papa Isaïe, mume wake, alikuwa mwalimu, na ndiye aliyempa jina hilo, maana hata alipokuwa mtoto mbwa huyo alikaa langoni kila asubuhi akiwatazama waliochelewa. Jumamosi atatimiza miaka kumi tangu aletwe ndani ya kikapu cha sokoni. Mama anampenda kuliko ndugu zake wengi, na anawaambia hivyo.

Préfet mimi hanipendi. Kila jioni ananikagua kama mwanafunzi asiye na uniforme.

Hata hivyo, njia ya kumfikia Mama inapitia kwa mbwa. Nimefikiri kwa utaratibu. Nimpe nyama? Ataimaliza. Mshipi wa shingo? Atautafuna. Picha! Montage kubwa, picha nyingi za Préfet zilizounganishwa kuwa moja, ya kutundikwa langoni siku ya sikukuu. Picha haitafuniki.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kazi ya kupiga picha. Nilianza baada ya chai.

Préfet hapendi simu yangu. Nikisogea, anageuka. Nikizunguka, anageuka tena. Matokeo: mkia, mkia, kisima, makalio, nusu ya sikio (nzuri sana), mkia.

Fortunée, mpwa wa Mama, anayekaanga mikate langoni, aliacha mafuta yake yaungue ili anitazame. Aliuliza kwa sauti ya kufika mtaa wa pili: "Papa Projet, ule imbwa unamufanyia carte d'identité ya mukia?" Kitambulisho cha mkia! Wateja wake walicheka na midomo imejaa. Waliosoma hawabishani na mafuta ya moto.

Ikabidi nimwendee Néhémie. Nilijiandaa kwa uongo wa hatua kadhaa. Haukuhitajika. Alisema tu "Bon, chukua," akanitumia picha zote alizo nazo. Préfet amelala mapajani mwake. Préfet ameweka kidevu begani mwake. Préfet anamlamba sikio. Hakuuliza ni za nini.

Mtu asiye na mkakati hata kidogo. Nilimhurumia kwa kweli.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi Makiso, kwenye studio ya picha ya Sefu. Baiskeli ilipata pancha mara moja, na dereva alisema ni kwa sababu ya uzito wa mawazo yangu. Kila mtu mjini humu ni mchekeshaji.

Sefu ana ordinateri, yaani kompyuta, na mifano mingi iliyokwisha kupangwa. Unachagua, yeye anapachika picha zako. Kulikuwa na mfano wenye mnara wa Ulaya, mwingine wenye magari, mwingine wenye mpira. Ovyo. Kisha nikauona wangu! Mawingu meupe. Njiwa watano. Waridi pembeni. Ngazi ya mwanga inayopanda mbinguni. Uzuri wa kutuliza roho.

Sefu aliuliza ni kwa shughuli gani. Nilimjibu kwamba ni siri, na fundi mzuri haulizi. Alinipa pole. Sikuelewa pole ya nini, nikaipokea.

Mfano huo una nafasi kubwa katikati na nafasi ndogo kuizunguka. Hapa nimetumia akili. Katikati sikumweka Préfet. Nimemweka Mama Générose! Mwenye kuamua ajione mkubwa. Picha yake nimeipiga kwa simu kutoka kwenye fremu ya ukutani, salon, sebuleni kwake. Hacheki. Ilikuwa arusi ya kaka yake na viatu vilimbana. Lakini kati ya mawingu, uso ule umepata heshima ya ajabu.

Chini kulikuwa na nafasi ya tarehe mbili. Nimejaza zote mbili, sipendi kazi ya nusu: 18 Oktoba 2015 – 18 Oktoba 2025. Siku ya kufika kwa Préfet na siku ya sikukuu yake.

Ikabaki jambo moja. Mimi mwenyewe sikuwemo popote. Nikamwomba Sefu achukue picha ile ya kidevu begani, aondoe kichwa cha Néhémie, aweke changu. Alipokuwa anaunganisha shingo, umeme ukakatika. Tulisubiri. Uliporudi, alimaliza haraka kabla haujakatika tena. Shingo imeenda upande kidogo. Lakini Préfet ananitazama kwa mapenzi makubwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Montage imetoka! Imechapwa kwenye bâche, turubai kubwa kama mlango. Nimeificha chini ya godoro na kulala juu yake kidogo mchana, kwa ulinzi.

Mama amevuka mto kwenda Lubunga kwa kaka yake, Tonton Lambert, kuleta ndizi, samaki na pondu, majani ya mihogo, kwa ajili ya sikukuu. Atarudi kesho mchana. Vizuri kabisa. Ataikuta picha imetundikwa.

Nimekodi viti vyeupe vya plastiki kwa jirani anayevikodisha. Aliuliza ni vya nani. Nikasema ni kwa ajili ya Mama Générose. Alivua kofia. Nadhani mpango wangu umeanza kuniletea heshima.

Jumamosi, 18 Oktoba, asubuhi

Kila kitu tayari. Bâche iko langoni. Nimekata matawi ya mchikichi na kuyafunga kushoto na kulia. Askofu alipotembelea parokia tulimpokea kwa matawi hayohayo, na Préfet anastahili angalau hivyo. Viti vimepangwa kwa mistari uwanjani. Fortunée yuko sokoni, Néhémie yuko kazini, hakuna wa kuniharibia.

Naenda kinyozi. Nikirudi, mtaa wote utakuwa umeona.

Jumamosi, jioni

Mtaa wote uliona.

Naandika kwa mpangilio.

Nilirudi na nywele mpya. Barabara imejaa baiskeli zilizosimama. Wanawake mikono kichwani. Mama Clémence, jirani yetu, ameketi chini vumbini, kitenge amekifunga kiunoni, analia jina la Mama Générose. Fortunée analia. Néhémie ameketi nyuma kabisa, hana sauti, macho mekundu kama nyanya, Préfet amelala chini ya kiti chake.

Niliuliza kuna nini. Wakanionyesha bâche. Nilipouliza mara ya pili, Fortunée alisema amempigia shangazi yake simu mara nyingi, imefungwa, haijibu, basi ni kweli.

Na mimi nikaamini! Nilifikiri mtumbwi umezama. Nililia. Machozi ya kweli, naapa. Kisha katikati ya machozi nikawaza: bahati gani, picha nimekwisha kuitengeneza!

Sasa, saa hii, naelewa. Matawi ya mchikichi langoni, viti vyeupe, picha yenye mawingu, tarehe mbili: kwetu hiyo ni matanga. Kila mtoto anajua. Mimi pia najua. Sijui asubuhi ujuzi huo ulikuwa wapi.

Lakini pale uwanjani sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba chumba cha mbele sasa kitaamuliwa na Tonton Lambert, na Tonton Lambert hanijui. Nilihitaji mashahidi, na mashahidi walikuwa wamekaa mbele yangu kwa mistari.

Nikapanda juu ya kiti kutoa ushuhuda.

Nilisema vizuri. Nilisema Mama aliniita mwanangu. Nilisema Préfet hana rafiki kama mimi, na asiyeamini aitazame picha. Watu walilia zaidi. Nikasema kwamba Alhamisi, tukiwa wawili jikoni, Mama alinishika mkono akaniambia chumba cha mbele ni changu, na hakuna wa kubadilisha neno hilo.

Watu wakaanza kusimama.

Nilidhani ni heshima. Kisha Préfet akatoka chini ya kiti kama risasi, analia kwa furaha, akapita kati ya miguu yangu, nami nikashuka kutoka kwenye kiti bila kupanga.

Mama Générose alikuwa amesimama langoni. Nyuma yake toleka imebeba mkungu wa ndizi, na mwenye baiskeli alikuwa tayari anarudi nyuma polepole. Simu ya Mama haikuwa imezama popote. Haikuwa na moto tu, Lubunga hawakuwa na umeme tangu jana.

Mama aliuliza nani amekufa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Alitazama bâche. Alijitazama kati ya njiwa. Kisha akachukua kiti, akakaa mstari wa mbele, akamweka Préfet miguuni.

"Bon, Télesphore," alisema. "Endelea. Juzi jikoni nilikuambia nini tena?"

Mimi nikaanza kuhesabu viti.

Basi akataka kujua kila kitu. Nani alifika wa kwanza. Nani alilia na nani alikuja kutazama viatu vya wengine. Mama Clémence alikuwa bado chini, hajui kama aendelee kulia au aanze kukasirika, akafanya yote mawili. Alimwambia Mama, "Weye! Nimechafua kitenge changu kipya juu yako, na uko mzima!" Mama akamwahidi atakapokufa kweli atamjulisha mapema.

Kisha Mama akasogea karibu na bâche na kuuliza mbona Néhémie amevaa kichwa cha Télesphore. Shati la Néhémie la rangi ya machungwa! Mtaa mzima unalijua. Walicheka mpaka mwenye toleka akarudi kuona. Hata Néhémie alicheka, na kamasi zake. Mimi pia nilijaribu.

Ndizi zikachemshwa, zikatwangwa zikawa lituma, pondu ikapondwa, matanga yakawa sikukuu. Préfet alipata kichwa cha samaki. Kabla watu hawajatawanyika Mama alitaja jina. Chumba ni cha Néhémie. Alisema wawili tulimlilia, lakini mmoja tu alisahau kuna chumba.

Jumapili, 19 Oktoba

Adhabu yangu: kuzunguka mtaani, nyumba kwa nyumba, kutangaza kwamba Mama Générose yu hai. Kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mzee mmoja aliniuliza tangu lini. Kwaya ya parokia ilikuwa imefanya mazoezi tangu jana na haikutaka kuyapoteza. Walikuja, wakaimba nyimbo za huzuni zote. Mama alizisikiliza kwa furaha na kuchagua mbili za kuhifadhi.

Montage haitatupwa. Mama ameipenda. Amesema si wengi wanaopata kusikia wanavyoliliwa huku bado wanaweza kujibu. Itakaa salon. Ila Sefu arudishe kichwa cha Néhémie mahali pake.

Jumanne, 21 Oktoba

Sefu amemaliza. Néhémie amepata kichwa chake. Lakini umeme ulikatika tena katikati ya kazi, na sikio langu la kushoto limebaki, juu kidogo ya bega lake. Préfet bado analitazama. Sioni kwa nini nikate tamaa.

Nilimsaidia Néhémie kubeba meza yake hadi chumba cha mbele. Dirisha lile! Jua lile! Tulipoweka meza chini, alisema ni kubwa kwake peke yake, kwa hiyo nichukue upande mmoja, pale dirishani, niandike jina la ofisi yangu kwenye kioo.

Nilimtazama sana. Mtu hatoi upande wa dirisha bure. Kuna mkakati hapo. Nimemjibu kwamba siwezi kudanganyika kirahisi namna hiyo, nikarudi chumbani kwangu. Upepo ulikuwa unatoka chooni.

Kwa bahati nzuri, Fortunée amesema chumba cha mbele cha Mama Clémence kitakuwa wazi Noeli ikifika. Na Mama Clémence ana kasuku anayempenda kama mtoto.

Nimechunguza kosa langu kwa utulivu na nimelipata: njiwa watano walikuwa wengi. Kasuku ni ndege tayari, njiwa hawatahitajika. Mawingu yatabaki.

Leo mchana nimeanza kazi. Picha tatu za kwanza: mkia, mkia, na kidole changu ndani ya mdomo wake. Ya tatu inaonyesha wazi tulivyo karibu. Damu, Sefu ataifuta.