Gari Lililotii Sauti ya Mkurugenzi

Inatangazwa kwa furaha kwamba zahanati yetu, baada ya miaka sita ya kuomba na vikao kumi na vinne, imepata gari la kuwapeleka wajawazito hospitali kubwa.

Nayasema haya nikiwa mjumbe halali wa Kamati Maalumu ya Uteuzi wa Gari. Kazi yangu pale ofisini ni kupika chai, lakini kanuni ilidai mwakilishi wa abiria, na mimi nilikuwa tayari mle ndani, birika mkononi. Basi nikateuliwa bila gharama. Mjukuu wangu, fundi cherehani, alikuwa na mimba ya miezi minane, na kutoka kwetu hadi hospitali kubwa ni mteremko wa kona kumi na saba. Kwa hiyo nilisikiliza vizuri huku nikimimina.

Magari yalikuwa mawili. Yalipimwa kitaalamu, yaani yakiwa yamesimama, maana kuyaendesha kungeyachafua. Jeusi lilikuwa na kioo cha picha kikubwa kama sinia, viti vinavyokukanda mgongo, marashi yanayojipuliza yenyewe, na milango isiyo na vitasa, ya kufunguliwa kwa sauti. Jeupe lilikuwa gari tu.

Dereva wa zahanati, tunayemwita Taratibu, alieleza kwamba jeupe lina mikanda kila kiti na breki za kushika hata kwenye tope, na kwamba mafuta yanayolifikisha jeusi hospitali yatalipeleka jeupe, yalirudishe, yalipeleke tena. Mkurugenzi akauliza kama lina marashi. Halina, akasema Taratibu. Ikaandikwa.

Usalama ulitengewa alama mbili kati ya mia kwa sababu, kama Mkurugenzi alivyofafanua, katika utumishi wake wote hakuna marehemu aliyewahi kuleta malalamiko.

Nikaomba nafasi. Nikauliza, gari likikataa kusikia, mtu aliye ndani atatokaje?

"Bibi, hilo liandikwe kwenye Mengineyo," akasema Mkurugenzi. "Na sukari imepungua kwenye chai, nalo liandikwe."

Mengineyo ni ule mwisho wa kumbukumbu za kikao, ambako maswali hupelekwa kupumzika.

Jeusi likashinda. Ili lisitumiwe ovyo, ikasajiliwa sauti moja tu, ya Mkurugenzi. Mgonjwa akizidiwa, ataitwa yeye aje aliambie gari.

Siku ya uzinduzi mjukuu wangu aliwekwa safu ya mbele ya wageni awe mjamzito wa mfano. Wakala wa jeupe naye aliitwa, apewe cheti cha kushiriki, akaja na gari lake. Mkurugenzi akahutubia kwa muda wa saa mbili na nusu bila kipaza sauti, maana kibali cha kipaza sauti kilikuwa kinasubiri sahihi yake. Kufikia ukurasa wa ishirini alikuwa anakwaruza kama sufuria lililoungua.

Hapo mjukuu wangu akanivuta mkono. "Bibi, yameanza."

Taratibu akaenda kumnong'oneza Mkurugenzi, naye akafurahi mno, kwani uzinduzi umepata mzazi wa kweli. Akaingia kiti cha mbele cha jeusi, kwa mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya picha. Mlango ukajifunga. Ikabaki yeye kuamuru wa nyuma ufunguke, mgonjwa aingie.

"Fungua," akakwaruza.

Gari likajibu kwa sauti ya mama mpole, tukalisikia sote: "Samahani. Sauti hii haijasajiliwa."

Akarudia. Likarudia. Ndipo akatamka yale maneno anayoyatamka getini, kwenye foleni, na aliyowahi kumwambia mtoto wa darasa la kwanza aliyempiga kwa mpira:

"Unanijua mimi ni nani?"

"Hapana," likasema gari.

Sikutaka kuingilia mazungumzo ya kiofisi. Nikamshika mjukuu wangu, Taratibu akamwomba wakala funguo, na jeupe likafunguliwa kwa mkono, kizamani kabisa.

"Bibi, mkanda," akasema Taratibu.

"Mtoto anaumwa, wewe unaniletea habari za mkanda?"

"Ndiyo maana nauleta."

Nikafunga. Kwenye kona ya tisa tukakutana na lori la mbao upande wetu. Taratibu akakanyaga breki, jeupe likasimama palepale, shubiri moja kutoka kwenye mbao, na sisi tukabaki vitini kama vifungo vilivyoshonwa. Mjukuu wangu akatoa neno ambalo si mimi niliyemfundisha. Robo saa baada ya kufika akajifungua msichana, mwenye sauti isiyohitaji kusajiliwa.

Tuliporudi, mafuta yakiwa bado tele, Mkurugenzi alikuwa angali ndani, anakandwa mgongo saa ya nne mfululizo. Kamati ilikuwa inakutana kivulini. Kuvunja kioo cha mali ya umma kunahitaji sahihi ya Mkurugenzi, na karatasi haikuwa na pa kupitia. Mwishowe wakaibandika kwenye kioo cha dirisha, akainamisha kichwa kuridhia, na kichwa kikakubaliwa kuwa sahihi. Fundi wa kuchomelea akapiga nyundo.

Kikao kilichofuata Mkurugenzi alikuja na kitambaa shingoni, akinukia marashi ambayo hata maji ya moto yalikuwa yameshindwa kuyatoa. Akanong'ona, "Bibi, lile swali lako la mlango liko wapi?"

"Liko Mengineyo, mheshimiwa."

"Lipandishwe liwe la kwanza."

Likapandishwa. Usalama ukapewa alama themanini, jeusi likarudishwa, jeupe likanunuliwa bila mjumbe hata mmoja kuulizia marashi. Kisha Mkurugenzi akaomba chai ya kulainisha koo. Nikammiminia. Akaonja, akanitazama.

Nikamweleza kwa heshima kwamba la sukari halijapandishwa.