Nilivyoliliwa Nikielekea Anga za Juu

Leo nimejiaibisha mbele ya Dunga nzima, kijiji chetu cha ziwani. Nilikubali kulazwa juu ya mlango wa jikoni, miguu juu, kichwa chini, ati kwa ajili ya sayansi. (Cheka sasa umalize.)

Wa kulaumiwa ni binamu yangu Ochieng. Anasomea udaktari chuo kikuu. Likizo hii yeye, dada wa uhandisi na jamaa mmoja wa zuolojia wamepewa kazi ya pamoja: wachunguze mwili wa binadamu utakavyokuwa angani. Roketi hawana. Wana mlango wetu, walioung'oa na kuuinua upande mmoja kwa matofali. Ukilala hivyo, damu inakimbilia kichwani kama huko juu.

"Usiinuke mpaka mwalimu wetu afike," Ochieng akaniambia. "Ukiinuka, sisi watatu tumefeli."

"Hata nzi wakinisumbua?"

"Hata kiboko akija!"

Akanitia kipimajoto mdomoni. Nzi wakaja kweli, basi dada wa uhandisi akanifunika shuka nyeupe. Mpaka usoni! Kisha ubishi. Daktari anataka mapigo ya moyo, mhandisi anasema mlango umeinama vibaya, wa zuolojia anasema panya angetulia kuliko mimi. (Na somo lenyewe ni kushirikiana!) Wakanuniana ndani ya makoti yao meupe ya maabara, kimya, vichwa chini.

Hapo ndipo jirani yetu Mama Awuor akachungulia. Akaona shuka. Akaona miguu yangu. Akaona makoti meupe matatu yamenyamaza.

"Uwiii! Mtoto wa Nyar Asembo ametuacha!" (Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, ni mama yangu.)

Kwetu kilio hakingoji maswali. Boma likajaa.

"Jameni, yuko hai!" Ochieng akapiga kelele.

"Pole, mwanangu," Mama Awuor akamkumbatia. "Ni uchungu huo unasema."

Mzee mmoja akaanza kunisifu: "Kijana mpole! Hajawahi kumjibu mkubwa!" (Nikajua amekosea boma.) Nilivumilia. Watu watatu wasifeli kwa sababu yangu.

Kisha mama akafika mbio kutoka ufuoni, akajitupa juu yangu. Matofali yakateleza, mlango ukaanguka, nikasimama na shuka mabegani, kipimajoto mdomoni.

Waombolezaji wakatimua mbio! Mzee wa sifa aliruka ua. Wa zuolojia alimtangulia.

Mwalimu wao alikuwa ndio kwanza anaingia langoni. "Mtaanza upya," akasema.

Watu wakarudi polepole, wakakaa chini ya ukuta, wakangoja. Mama akanipapasa uso, akajifuta machozi, akanichapa kofi moja la mgongo.

"Mwanaanga, teremka duniani ukamate jogoo. Watu wamelia, lazima wale."